Majibu Yarudi Kijijini: Barua ya Wazi kwa Wenye Dhamana ya Utafiti wa Wanyamapori Nyanda za Juu Kusini

Waheshimiwa,

Shikamooni wakubwa wangu, na wale tulio rika moja, habari za kazi. Nawaandikia nyote mnaotoa vibali, mnaosimamia misitu na hifadhi, mnaofundisha watafiti vyuoni na mnaokaa kwenye meza za kugawa fedha za utafiti. Naandika kutoka ubavuni mwa Mlima Rungwe, upande ule unaotazamana na safu ya Livingstone. Asubuhi hii ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba, nami nimekaa jikoni karibu na moto, na mbele yangu yapo madaftari sita ya marehemu baba. Hayo ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu.

Baba aliishia darasa la nne. Shamba lake la mahindi na viazi mviringo lilipakana na msitu, na tangu mahindi yalipoanza kubeba mpaka yalipokauka hakulala nyumbani. Alilala dunguni, na moto mdogo chini, debe la kupiga na kipande cha chuma. Asubuhi alipoteremka, kabla hata ya kunawa uso, alichukua daftari la shule, lile lenye majedwali ya kuzidisha nyuma ya jalada, akaandika yaliyotokea usiku. Nafungua ukurasa mmoja na kunakili kama ulivyo: “Nguruwe watatu. Saa nane usiku. Wametokea korongo la mianzi. Mistari miwili ya mahindi. Mvua.” Chini yake: “Kima sita, asubuhi, wamekula mabichi, nimewapigia debe, wamerudi msituni.” Halafu: “Usiku wote kimya. Mbalamwezi.” Aliandika hivyo kwa misimu sita, daftari moja kila msimu. Hakuna aliyemtuma. Alisema kumbukumbu ya mtu aliyekesha haiaminiki, ndiyo maana lazima iandikwe.

Siku moja alikuja mtafiti, kijana mpole, na dodoso lake. Alipoonyeshwa madaftari alisahau dodoso. Alikaa kwetu siku mbili akipiga picha ukurasa mmoja mmoja, mama akimpikia, baba akimfafanulia maneno yaliyofutika kwa mvua. Alipoondoka alimshika baba mikono yote miwili akamwambia, “Mzee, hii ni dhahabu. Nitakuletea majibu.” Baba alimwamini. Miaka iliyofuata, kila gari refu la rangi ya kijani lilipopanda kilima, alivaa koti lake akatoka kusimama mlangoni. Amefariki bila kujua madaftari yake yalisema nini.

Simtaji kijana yule wala waliomtuma, kwa sababu sidhani kwamba alikuwa mtu mbaya. Pengine shule ilimwishia, pengine fedha zilikwisha, pengine alipata kazi mbali. Jambo moja nina uhakika nalo: hakuna mtu aliyemuuliza kama amerudi. Alidaiwa taarifa na waliomsomesha na waliompa kibali, na huko huenda alilipa deni lote. Deni la baba halikuandikwa mahali popote.

Hicho ndicho ninachokuja kuwaomba. Deni hilo liandikwe.

Najua ninachosema, kwa sababu mimi mwenyewe nimekuwa msaidizi wa watafiti. Nimebeba mahema, nimefyeka njia, nimeshika mwisho wa kamba ya kupimia miti. Kazi niliyoipenda kuliko zote ni kuhesabu kima. Mnaondoka kambini kabla hakujapambazuka, gambuti zimeloa tangu jana na soksi ni zile zile. Mnatembea kwenye mstari uliopimwa, polepole, hatua kumi kisha mnasimama mnasikiliza. Mianzi inadondosha maji shingoni. Hakuna kuongea, mwenzako akikushika bega unajua kuna kitu juu. Kisha unasikia mlio, sauti nzito ya ajabu, kama mtu anayekohoa na kupiga honi kwa pamoja, na matawi yanatikisika mita 40 mbele. Unaona manyoya marefu ya kahawia, kishungi kimesimama utosini, mkia mrefu wenye ncha nyeupe. Unaandika saa, idadi, umbali, urefu kutoka chini. Unaandika hata walichokuwa wanakula ukikiona. Halafu mnaendelea, hatua kumi, mnasimama.

Huyo ndiye kipunji. Dunia ilimsikia mwaka 2005, alipotangazwa kwenye jarida la sayansi kuwa aina mpya ya kima. Kikosi cha watafiti kilichoongozwa na Tim Davenport kilikuwa kimemwona huku kwetu Rungwe na Livingstone kuanzia mwaka 2003, na mwaka 2004 mtafiti mwingine, Trevor Jones, bila kujua habari za wenzake, akamwona kwenye msitu wa Ndundulu kule Udzungwa, mamia ya kilomita kutoka hapa. Mwaka 2006 wataalamu wakampa jenasi yake mwenyewe, yaani kundi la kisayansi la aina zinazokaribiana, wakaiita Rungwecebus, jenasi mpya ya kwanza ya kima barani Afrika tangu mwaka 1923. Jina la mlima wetu limeandikwa ndani ya jina la mnyama huyo milele, na jina lake la pili ni lile lile waliloliita babu zetu.

Waheshimiwa, tafakarini hapo kidogo. Watafiti walianza kumtafuta kwa sababu walisikia wawindaji wa Kinyakyusa wakimtaja. Jina lilikuwepo kabla ya picha. Wako waliodhani ni mnyama wa hadithi, maana wazee wetu wanasimulia wanyama wa nyama na wanyama wa mizimu kwa sauti moja. Alipotangazwa mara ya kwanza watafiti walikuwa na picha na sauti tu. Mwili ulipatikana baadaye mwaka ule wa 2005, baada ya dume mmoja mchanga kufia kwenye mtego wa mkulima, ndani ya shamba la mahindi, hapa Rungwe. Kutoka kwenye nyama ya mnyama huyo vinasaba vilipimwa, ikaonekana kwamba yuko karibu zaidi na nyani wale wakubwa wa mbugani kuliko kima waliofanana naye kwa sura. Ndiyo sababu akapewa jenasi yake. Leo mnyama huyo yumo kwenye makumbusho ya Field, Chicago.

Sina ugomvi na Chicago. Ametunzwa, ana namba yake, na mtaalamu yeyote akitaka kumchunguza atampata. Ninachouliza ni kwa nini mtoto wa sekondari ya kata, ambaye shamba la babu yake linapakana na msitu ule ule, amalize kidato cha nne bila kuisikia habari hii darasani. Nimewauliza wanafunzi wa hapa jirani, mmoja mmoja, wakati tukisubiri mvua ikatike dukani. Simba wa Serengeti wanamjua. Kipunji wamesikia jina tu, wengine kutoka kwenye kibao cha barabarani.

Na hesabu ile ya kima? Mwaka 2008 idadi iliyochapishwa ilikuwa 1,117 kwa dunia nzima: 1,042 upande wetu na 75 Ndundulu. Hesabu iliyorudiwa miaka kadhaa baadaye ilionyesha kwamba wameongezeka. Hiyo ni habari njema ya kupigiwa ngoma! Kuna watu hapa walioacha mitego, waliopanda miche kwenye ushoroba wa Bujingijila ili msitu wa Rungwe usitengane na ule wa Livingstone, walioacha kukata mbao mahali walipokata baba zao. Wengi wao nimewaambia mimi, kwenye foleni ya mashine ya kusaga, kwamba kima wameongezeka. Wengine hawakuamini. Wakauliza, “Nani amesema?” Nikakosa karatasi ya kuwaonyesha.

Karatasi ni kitu kikubwa kijijini kuliko mnavyodhani. Neno lisilo na karatasi ni uvumi, na uvumi huzaa uvumi. Nina shemeji yangu anaishi Pawaga, Iringa, ng'ambo ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, ambako tembo si habari ya kusoma, ni alama za miguu shambani. Mwaka 2013 tembo wa mfumo wa Ruaha na Rungwa walihesabiwa kutoka angani wakakadiriwa kuwa 20,090. Mwaka 2014 hesabu ikatoa 8,272. Iliporudiwa mwaka 2015 ikatoa 15,836. Shemeji alizisikia namba hizo vipande vipande na akafikia uamuzi wake: “Hawa wanatudanganya. Tembo hazai elfu saba kwa mwaka.” Na kweli hazai, mimba yake peke yake ni miezi 22.

Ilinichukua jioni nzima kumweleza, kwa kuchora kwenye vumbi. Kwamba ndege haihesabu tembo wote. Inapita kwenye mistari, na ndani yake watu wanahesabu wale tu walioonekana katika ukanda mwembamba wa kulia na wa kushoto, kisha wataalamu wanakadiria eneo lote kutokana na kanda hizo. Kwamba tembo hawajitawanyi kama mbegu zilizopandwa kwa kamba. Wanakaa kwa makundi, na ndege ikipita pembeni ya kundi kubwa, namba inashuka. Kwamba ndiyo maana wataalamu huandika idadi pamoja na kiasi inachoweza kuzidi au kupungua. Kwamba hata hivyo ujangili wa miaka ile ulikuwa wa kweli na wa kutisha: nchi nzima ilikuwa na tembo wapatao 109,000 mwaka 2009, na mwaka 2014 wakabaki kama 43,000. Alinisikiliza, akanyamaza, kisha akasema, “Sasa hili, shemeji, lingekuwa gumu kutuambia?”

Halikuwa gumu. Lilihitaji mtu mmoja, fimbo na vumbi.

Nitatoa mfano mmoja zaidi, kwa sababu huu unagusa kila mtu kuanzia Chimala mpaka Mtera. Mto Ruaha Mkuu ulikuwa ukitiririka mwaka mzima. Mwaka 1993 ulikauka ndani ya hifadhi, na tangu hapo kiangazi hadi kiangazi umekuwa ukikatika. Viboko wanasongamana kwenye madimbwi ya tope, samaki wanakufa, na simba wanajua pa kuvizia kwa sababu kila mnyama analazimika kuja kwenye maji yale yale machache. Ukimuuliza mtu wa Mbeya mjini nani aliyekausha mto, atakujibu kulingana na kazi yake. Mkulima atamtaja mfugaji, mfugaji atamtaja mkulima, na wote wawili watataja ukataji wa miti huku juu kwetu.

Lakini ukiangalia mto wenyewe unavyofanya kazi, mambo yanakaa wazi. Mito yetu ya milimani, Chimala, Kimani, Mbarali, Ndembera na mingineyo, inashuka kwenye bonde la Usangu, maji yanatandaa kwenye kinamasi cha Ihefu. Ihefu ni kama karai kubwa lenye mdomo mmoja, nao ni kizingiti cha mwamba pale Ng'iriama. Maji yakiwa juu ya mwamba, mto unaendelea kupita hifadhini mpaka Mtera. Yakishuka chini ya mwamba hata kwa upana wa kiganja, hakuna tone linalovuka, hata kama Ihefu bado ina maji ya kuogelea ng'ombe. Kwa hiyo, wakati wa masika mfereji wa mpunga hauondoi kitu kinachoonekana. Lakini mfereji huo huo ukiachwa wazi Septemba, mpunga umeshavunwa, maji yakipita kwenye majaruba matupu, ndio unaokula ule upana wa kiganja wa mwisho.

Nilipolijua hilo nilikuwa mtu mzima. Nililisoma kwa shida, kwa Kiingereza, kwenye simu, kamusi pembeni. Nina binamu mwenye mfereji kule Mbarali. Nilimpigia simu siku hiyo hiyo. Alikuwa hajawahi kusikia habari ya mwamba wa Ng'iriama maisha yake yote, na amelima bondeni tangu ujana. Alikuwa ameambiwa mara nyingi kwamba anaharibu mazingira. Namna anavyoyaharibu, na mwezi gani, hakuna aliyekuwa amemwambia. Mtu akiambiwa ana kosa bila kuonyeshwa lilipo, hukasirika. Akionyeshwa mwamba, anauliza tarehe ya kufunga mfereji.

Sasa, Waheshimiwa, nisije nikaonekana nimekuja kulalamika tu. Nimewahi kuona jambo hili likifanyika vizuri, na sijalisahau. Jioni moja watafiti wawili waliokuwa wametega kamera msituni walikuja na jenereta ndogo na mashine ya kuonyesha picha. Shuka jeupe lilifungwa kwenye nguzo za goli la shule. Watoto walikaa chini mbele kabisa, wazee kwenye viti vya kanisani, wanawake na watoto migongoni wakasimama nyuma. Picha zikaanza kupita: nungunungu, nguruwe, chui mmoja aliyewafanya watoto wapige kelele. Kisha ikaja picha ya usiku ya mnyama mkubwa mweusi mwenye kishungi chekundu kati ya pembe mbili fupi, ameinua kichwa, majani mdomoni.

Uwanja ukanyamaza. Kisha mzee mmoja nyuma akasema taratibu, “Minde.”

Minde haishi popote duniani ila Tanzania, na hata wanaokaa miaka msituni hupita bila kumwona. Wale watafiti wakaeleza hayo kwa Kiswahili chepesi. Halafu likatokea jambo ambalo hawakulitarajia. Bibi mmoja akainuka, akasema picha hiyo wameiweka jina la kijito kisicho chake. Pale ni juu zaidi, penye jiwe lililopasuka, na minde hufika pale kiangazi kwa sababu kuna majani fulani yasiyokauka. Mtafiti akachukua kalamu. Wakabishana naye kidogo, wakafungua ramani, na ikaonekana bibi yuko sahihi. Tulitawanyika saa nne usiku, na njia nzima watu walizungumza minde. Hakuna semina wala bango lililowahi kufanya hivyo hapa. Mgeni njoo mwenyeji apone, walisema wazee, na usiku ule hata mgeni alipona.

Kwa hiyo ombi langu si la ajabu. Najua kwamba mtafiti hapa nchini hupata kibali COSTECH, ile Tume ya Sayansi na Teknolojia, kwamba utafiti wa wanyamapori hupitia TAWIRI, ile Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori, na kwamba anatakiwa kuwasilisha taarifa. Taarifa zinapanda juu. Naomba zishuke pia, na kushuka kwake kuwe sharti la kibali lenye uzito sawa na masharti mengine, si hisani ya mtafiti mwenye moyo mzuri. Kurasa mbili za Kiswahili zinatosha: tulikuja kuuliza nini, tumeona nini, hatujaelewa nini, na hili linawahusu vipi. Zisomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Sheria inautaka mkutano huo kila baada ya miezi mitatu, kwa hiyo hakuna haja ya kuita watu wala kulipa posho. Watu wapo, kinachokosekana ni mtu wa kusoma. Nakala moja ibaki ofisi ya mtendaji, nyingine iende sekondari ya kata kwa mwalimu wa baiolojia. Mwalimu huyo ananunua chaki kwa fedha yake, mnadhani hatazifurahia kurasa mbili za wanyama wa hapa hapa?

Safari ya kurudi iwemo kwenye bajeti tangu siku ya kwanza. Mtanijibu kwamba fedha hazitoshi. Nimeona bajeti za kambi, kwa sababu mara nyingine nilitumwa kununua mahitaji Tukuyu, na najua mafuta ya gari ya wiki moja ni kiasi gani. Basi la kutoka Mbeya mjini mpaka kwetu ni nauli ndogo sana mbele ya hayo. Tatizo halijawa nauli. Safari ya kurudi haimo kwenye hesabu kwa sababu hakuna anayeidai.

Mtaniambia pia kwamba si kila kitu kinafaa kutangazwa. Hapo nakubaliana nanyi kabisa. Kule Kitulo, ile Bustani ya Mungu iliyofanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005 kwa ajili ya maua yake, watu wamechimba viazi vya okidi na kuvivusha Tunduma kwenda Zambia, vinakopikwa chakula kiitwacho chikanda. Anayejua bonde lenye okidi nyingi asiseme kwa sauti kubwa. Hata mahali kundi la tembo linapolala pasitajwe. Sisi wa vijijini tunajua kuficha. Kuna vitu vingi hatujawaambia watafiti. Lakini kuficha mahali si sawa na kuficha maarifa yote. Mwambieni mkulima wa Ruaha jinsi tembo wanavyohesabiwa, mfichieni walikolala jana.

Jambo jingine ni majina. Kila ripoti ina mtu aliyeshika kamba, aliyeusikia mlio kwanza, aliyejua korongo lina njia. Aandikwe, ikiwa mwenyewe anaridhia. Na pale mchango wake ulipokuwa mkubwa, kama wa mtu aliyeandika misimu sita kwa mkono wake, asiwekwe kwenye mstari wa shukrani pamoja na madereva na wapishi, ingawa nao wanastahili shukrani. Na takwimu zenyewe ziwe na nakala huku kusini. Tuna Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, tuna Mkwawa pale Iringa. Kijana wa Makete anayetaka kusoma kuhusu mlima wa kwao asilazimike kuandika barua pepe Ulaya kuomba hesabu ambazo mjomba wake alisaidia kuzihesabu.

Msiniambie haiwezekani. Kwenye korongo la Kihansi, mpakani mwa Iringa na Morogoro, waligunduliwa mwaka 1996 vyura wadogo wa manjano wasiofikia sentimita 3, wanaozaa watoto hai badala ya kutaga mayai, wanaoishi kwa manyunyu ya maporomoko na si mahali pengine popote duniani. Bwawa la umeme lilipochukua sehemu kubwa ya maji, manyunyu yakapungua. Mwaka 2000 vyura 499 walipandishwa ndege kwenda Marekani kwenye bustani za wanyama. Huku korongoni ugonjwa wa kuvu ukaingia, na mwaka 2009 ikatangazwa kwamba porini wamekwisha. Mwaka 2012 walianza kurudishwa. Kabla ya hapo watu walikuwa wameshatandaza mabomba ya kunyunyizia kwenye majabali, na maabara za kuwatunza zikajengwa hapa nchini. Kiumbe wa uzito wa kifungo cha shati alivushwa bahari mara mbili, akiwa hai, na akafikishwa kwenye korongo lake lenyewe. Nani ataniambia kwamba kurasa mbili haziwezi kutoka Arusha, Dar es Salaam au Chicago zikafika Rungwe?

Narudi kwenye madaftari ya baba. Baada ya kusubiri sana niliamua kuyahesabu mwenyewe. Nilichukua mahindi makavu, punje moja kwa kila uvamizi, nikaweka bakuli kwa kila mnyama. Maisha yake yote baba aliwalaani kima. Kijiji kizima kinawalaani kima, kwa sababu kima huja mchana, unamwona, anakutazama huku anatafuna. Bakuli la nguruwe lilijaa likamwagika. La kima halikufika nusu. Na usiku wa nguruwe ulikuwa usiku wa mvua, pale moto wa dunguni ulipozimika. Baba alikuwa ameshika jibu mkononi muda wote huo, kwa mwandiko wake mwenyewe, na angelijua angejenga paa juu ya moto wake badala ya kukimbizana na kima asubuhi.

Nimeshajenga paa hilo. Mabati mawili ya zamani na nguzo nne.

Madaftari yamo kwenye sanduku la bati, yamefungwa kwa nailoni kwa sababu ya unyevu. Mawili kati yake kurasa zimeanza kushikana. Mtafiti atakayetaka kuyasoma namkaribisha, na chai atakunywa. Ila safari hii nitakuwa na daftari la saba, na atakapoondoka ataandika humo, kwa mkono wake, jina lake, alichochukua, na tarehe atakayorudi kutusomea. Naomba, Waheshimiwa, ofisi zenu ziwe na nakala ya ukurasa huo.

Ndaga fijo, asanteni sana.

Mkulima, na msaidizi wa zamani wa watafiti,
Rungwe, Mbeya